Sleji ya mbwa (kigari cha kuteleza kwenye theluji kinachovutwa na mbwa): Tromsø au Rovaniemi?
Visa ni ileile ya Schengen, inayotumika katika nchi nyingi za Ulaya, kwa hiyo hapo hakuna cha kuchagua. Tofauti ni baridi. Tromsø, Norwei, iko pwani kama Dar, na mkondo wa bahari wenye joto huipunguzia makali. Ubaya wake, mvua huweza kuiharibu theluji. Isitoshe, tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari jua halichomozi. Rovaniemi, Finland, iko bara: nyuzi 20 chini ya sifuri ni kawaida, ila theluji hudumu. Kwa mtu wa Mbagala asiyewahi kuvaa glavu, ningeanzia Tromsø, mwezi Machi.

Kote kuwili, anayeendesha husimama nyuma na kukanyaga breki ya chuma. Usiachie mpini hata ukianguka. Mbwa hao hawatakusubiri!