Darubini Ndogo kwa Mkazi wa Dar es Salaam: Ipi Itangulie
Wanunuzi wengi wa darubini ndogo za macho mawili huuliza kwanza inavuta mara ngapi, ilhali katika mji wa pwani kama Dar es Salaam swali linalotangulia ni iwapo imezibwa isiingie unyevu. Darubini isiyozibwa, ikikaa kabatini Msasani au Kigamboni kwa misimu kadhaa ya mvua, huweza kuota kuvu ndani ya lenzi, mahali ambapo kitambaa hakifiki.

Namba nazo zina maana yake. Darubini ya 8x25 hukuza mara 8, na lenzi yake ya mbele ina kipenyo cha milimita 25. Ukigawa 25 kwa 8 unapata takriban milimita 3, ambao ndio upana wa mwale wa nuru unaofika jichoni. Mchana wa jua kali mboni hujibana hadi milimita 2 au 3, kwa hiyo 8x25 yatosha kabisa kutazamia majahazi kutoka Coco Beach, lakini jioni mboni inapopanuka picha hiyo hufifia mapema kuliko ya 8x32, yenye mwale wa milimita 4. Ile ya 10x25 hutoa milimita 2.5 tu, na mtikisiko wa mkono nao huukuza mara 10, jambo linalochosha macho upesi ukiwa ndani ya boti ya Mbudya au Bongoyo.

Nafasi ya kwanza naipa 8x30 au 8x32 iliyozibwa na kujazwa gesi ya naitrojeni ili isiingie ukungu ndani, kwa mfano Nikon Prostaff P3 8x30. Uzito wake unakaribia nusu kilo, hivyo haifai mfuko wa shati, lakini wanyama wa Mikumi na wa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere huonekana vizuri zaidi alfajiri na jioni, saa ambazo milimita chache za lenzi huleta tofauti kubwa.

Ya pili ni 8x25 ya kukunja, iliyozibwa, kama Zeiss Terra ED Pocket yenye gramu 310. Anayetaka kutembea nayo kila siku aipandishe hadi ya kwanza, kwa kuwa darubini iliyoachwa nyumbani haimfai mtu. Vortex Vanquish 8x26 inafuata: nayo imezibwa, bei yake ni nafuu, ila ni nene na haikunjiki ikawa bapa. Nikon Aculon A30 8x25 ni nyepesi na rahisi kumudu, lakini haikuzibwa. Ukiinunua, itunze ndani ya chombo kisichopitisha hewa pamoja na vipakiti vya kunyonya unyevu.

Pentax Papilio II 6.5x21 siipangi na hizo, maana kazi yake ni nyingine. Huweza kulenga kitu kilicho sentimita 50 tu mbele yako, na kwa vipepeo wa msitu wa Pugu sijui nyingine ya kuipita, ingawa nayo haikuzibwa.

Mwisho kabisa ni zile za kuvuta na kurudisha (zoom), ambazo ukuzaji wake hubadilishwa, na zile zilizoandikwa 60x60. Ingekuwa kweli inakuza mara 60, mwale wake ungekuwa milimita 1 na hakuna mkono ungeweza kuituliza. Lenzi zinazong'aa nyekundu ziepuke pia, kwani wekundu huo ni nuru inayorudishwa nje badala ya kufika jichoni.

Dukani, iwe Kariakoo au Mlimani City, omba kuijaribu mlangoni, si chini ya taa. Ielekeze kwenye nyaya za umeme: ukiona waya mmoja kama miwili, prizimu (vioo vya ndani vinavyopindisha nuru) zimekaa upande, irudishe. Kisha inyooshe mbali na uso, uielekeze angani pasipo jua. Vijiduara vya nuru utakavyoviona kwenye lenzi za upande wa jicho vinapaswa kuwa mviringo safi, bila pembe za kijivu. Mvaa miwani aende na miwani yake, na atafute darubini inayoruhusu jicho kukaa angalau milimita 15 kutoka kwenye lenzi, la sivyo ataona katikati ya picha tu. Na ukivuka kwa pantoni ya Magogoni, iache mkobani, kwa kuwa Ikulu na bandari ziko jirani na walinzi wana haki ya kukuuliza unatazama nini.