Uzoefu wangu: spea za Kichina ndani ya Honda CG125 ya zamani

Pikipiki ni Honda CG125 ya volti 6, ile ya platini (vinundu vya kukata umeme ili plagi itoe moto), iliyokaa miaka mingi bila kuwashwa. Nilichonunua ni seti ya gasketi ya injini nzima, seti ya kukarabatia kabureta, kabureta mpya aina ya PZ26, koki ya petroli, platini na kondensa, oili sili, shuu za breki, na waya za klachi na mafuta. Vyote ni vya Kichina, isipokuwa plagi ya NGK. Baada ya kuvifunga na kuviendesha, msimamo wangu ni huu: kila cha mpira, cha karatasi na cha kusuguana nunua kipya, kila cha chuma kilichotoka na pikipiki, kisafishe kwanza kabla hujakitupa. Spea iliyonivunja moyo ni kabureta mpya, na bahati mbaya ndiyo ambayo mafundi wengi hukimbilia kuuza.

Kwanza, kwa nini spea za Kichina zinaingia kabisa. CG125 ilitoka mwaka 1976. Honda waliitengenezea nchi ambazo pikipiki hubebeshwa mizigo na oili hubadilishwa mtu akikumbuka, kwa hiyo wakaacha cheni ya taimingi na kuweka pushirodi (fimbo nyembamba za kufungulia valvu) zinazosukumwa na kamshafti iliyo chini, inayoendeshwa kwa gia. Baadaye viwanda vya China vikainakili injini hiyo kwa wingi, na nakala zake ziko chini ya bodaboda nyingi tunazopanda leo. Kipenyo cha silinda ni kilekile, milimita 56.5, na mwendo wa pistoni milimita 49.5. Ndiyo maana gasketi ya injini ya miaka ya sabini unaipata Kariakoo (Dar es Salaam) au Kirinyaga Road (Nairobi) bila kuagiza popote.

Mtego uko kwenye namba. Injini iliyoandikwa 156FMI inaweza kuwa ya pushirodi au ya cheni ya taimingi, na gasketi zake hazilingani. 162FMJ ni ya cc 150, kipenyo milimita 62. Muuzaji mwambie "CG 125 ya pushirodi", na uende na gasketi yako ya zamani mkononi. Ukifika nyumbani ilaze mpya juu ya silinda kabla ya kufunga. Ukingo wake ukichungulia ndani ya tundu, pistoni itaugonga. Ukiwa nyuma sana, pale patajaa masizi na gasketi itaungua mapema. Gasketi nilizopata zilikaa sawasawa. Ya kava la klachi tu ndiyo ilikuwa nyembamba, nikaipaka silikoni kidogo sana pande zote mbili. Ukiweka nyingi, inayofinywa ndani hukatika na kwenda kuziba njia za oili.

Kabla ya spea yoyote, hakikisha injini inazunguka. Toa plagi, mimina vijiko viwili vya dizeli iliyochanganywa na oili ya giaboksi ya otomatiki, acha siku mbili tatu. Kisha weka gia ya juu kabisa na utikise tairi la nyuma mbele na nyuma taratibu. Usisimame juu ya kiki kwa nguvu zako zote, kwa sababu pistoni iliyoganda haitatii, na meno ya gia ya kiki yakivunjika itabidi uipasue injini yote. Ikilegea, fungua kava la valvu na uangalie valvu zote mbili zikipanda na kushuka. Kwenye CG valvu iliyogandishwa na kutu hupinda pushirodi yake, pengine bila wewe kusikia chochote. Zitoe zote mbili na uziviringishe juu ya kioo; iliyopinda itadunda. Hizi ni spea rahisi, na za Kichina zinafaa kabisa.

Pima pia kompresha (nguvu ya kubana ya silinda), mkono wa mafuta ukiwa umevutwa hadi mwisho. Ikisoma psi 120 kwenda juu, usiguse ringi. Ikiwa chini, tia kijiko cha oili kupitia tundu la plagi na upime tena: ikipanda, ringi zimechoka, isipopanda, ni valvu au gasketi ya hedi.

Tangi nalo lisafishwe kabla ya kabureta, la sivyo utaisafisha kabureta kila wiki. Nilitumia siki nyeupe ya dukani, tangi limejaa hadi mdomoni, saa 24. Penye kutu nene, ongeza nati ndogo ulizozihesabu, tikisa, kisha uzihesabu tena zinapotoka. Baada ya siki, suuza kwa maji yenye magadi ya kuokea, vijiko viwili kwa kila lita, kwa sababu asidi iliyobaki huanza kutu mpya siku hiyohiyo. Kausha kwa hewa tu, usisogeze moto wala mashine ya kuchomelea karibu na tangi hata kama halina harufu. Likikauka, zungusha ndani oili nyepesi kidogo hadi utakapotia petroli. Koki mpya ilikuja na chujio la plastiki la kuingia tangini na raba nzuri, haivuji. Nyota tano.

Sasa kabureta, na hapa nitakaa.

Kabureta ya pikipiki iliyolala haijaharibika, imeziba. Petroli imekauka na kuacha utomvu wa kahawia, na kinachoziba kwanza ni jeti ndogo, ile ya sailensa (injini ikiunguruma bila kuvuta mafuta), kwa kuwa tundu lake ni jembamba kuliko yote. Dalili yake ni injini inayowaka kwa choki tu na kuzima ukiirudisha. Toa bakuli la chini, floti, nido (kivalvu kinachofungwa na floti petroli ikijaa), jeti zote mbili na skrubu ya hewa. Kabla ya kuitoa skrubu hiyo, izungushe ndani polepole ukihesabu mizunguko hadi iguse, uandike. Tumia bisibisi inayojaa kwenye mfereji wa jeti, kwani shaba ya jeti hubomoka kirahisi. Loweka kwenye dawa ya kabureta. Kwa tundu la jeti, tumia uzi mmoja wa shaba uliochomolewa ndani ya waya wa umeme. Sindano ya chuma hupanua tundu, na jeti iliyopanuka huwezi kuirudisha.

Kisha puliza hewa kila njia. Kipimo cha kazi ni hiki: nyunyiza dawa kwenye tundu la skrubu ya hewa na utazame ndani ya koo, ukingoni mwa slaidi. Dawa isipotokea kwenye vitundu vidogo vya pale, bado hujasafisha, hata kama nje inang'aa.

Katika seti ya kukarabatia, gasketi ya bakuli na pete za mpira ni nzuri, na nido ya floti inafunga vizuri. Jeti usiziamini. Jeti kuu iliyokuja kwenye seti yangu ilichongwa namba ileile ya Honda lakini tundu lake ni kubwa zaidi. Ukizishika zote mbili kwenye mwanga unaliona kwa macho. Nimerudisha za zamani. Sindano ya slaidi pia rudisha ya zamani, mradi haina ngazi iliyochimbika ubavuni. Kwa jumla ni nyota tatu na nusu, na bado naishauri, kwa ajili ya mpira pekee.

Ukimaliza, pima usawa wa petroli. Chomeka mpira wa plastiki unaoonyesha ndani kwenye mdomo wa kutolea petroli chini ya bakuli, uinue pembeni mwa kabureta, fungua skrubu ya kutolea na koki. Petroli isimame chini kidogo ya kiungo cha bakuli. Ikipanda juu ya hapo, nido haifungi au floti imeingiwa na petroli. Itikise sikioni, utasikia.

Hiyo PZ26 mpya niliijaribu kwenye injini hiyohiyo, ikiwa na hewa, plagi na taimingi ileile. Matundu ya boliti yanaingia. Inawaka haraka na sailensa ni tulivu, jambo linalomfanya mteja aondoke ameridhika. Taabu inaanza ukifungua mafuta nusu: injini inakuwa nzito, ekzosi inanuka petroli, na plagi inatoka nyeusi yenye masizi makavu. Jeti na sindano zake zimepangwa kwa ajili ya injini nyingine yenye ekzosi na chujio tofauti. Unaweza kushusha sindano ngazi moja na kutafuta jeti ndogo zaidi, lakini hapo tayari umetumia muda kuliko kusafisha ya zamani. Kichwa chake cha waya pia hakikupokea waya wa asili. Nyota mbili. Inunue tu kama ya kwako imepasuka au imeliwa na kutu hadi ukutani.

Lolote utakalofunga, badilisha pete ya mpira ya kati ya kabureta na injini, na hakikisha kipande cheusi cha kuzuia joto hakijapinda. Injini ikiwa inaunguruma, nyunyiza maji kidogo kwenye kiungo. Mlio ukibadilika, hewa inapenya. Angalia na sponji ya chujio: ya zamani huvunjikavunjika kama keki kavu, na vipande vyake huingia kooni.

Upande wa umeme. Platini zikikaa bila kazi huota utando usioonekana, na moto hukata kabisa. Pitisha msasa laini wa namba 1000, kisha karatasi nyeupe yenye spiriti. Nafasi ni milimita 0.3 hadi 0.4 zikiwa wazi kabisa. Nafasi iwekwe kabla ya taimingi, kwa kuwa ukiiongeza, moto unawahi, ukiipunguza, unachelewa. Taimingi ni sahihi zinapoanza kuachana wakati alama ya F imelingana. Tumia mita, usikisie kwa jicho. Platini mpya nilizonunua zina springi dhaifu na kisigino kinachoisha haraka, hivyo nimebaki na za Honda. Kondensa mpya nimeifunga na inafanya kazi. Ya zamani ilikuwa inatoa cheche za manjano kwenye plagi na kuchimba mashimo kwenye platini.

Fundi akikushauri uweke CDI (mfumo wa moto wa kielektroniki usio na platini) ya bodaboda, muulize kama ana magneto yake kamili pia. Kisanduku cha CDI peke yake hakina cha kukitawala kwenye mfumo wa platini. Betri nayo isiachwe nje. Pikipiki itawaka bila hiyo kwa sababu moto wa plagi unatoka kwenye magneto, lakini bila betri ya kutuliza umeme balbu zinaungua ukivuta mafuta.

Plagi ni D8EA, nafasi milimita 0.6 hadi 0.7. Nafasi ya valvu zote mbili ni milimita 0.08, injini ikiwa baridi kabisa, pistoni juu kwenye mwendo wa kubana.

Oili: mwaga yote, osha wavu, kisha fungua kava la kulia. Nyuma yake, mwishoni mwa kreki, kuna kikombe kinachozunguka na kutupa uchafu ukutani mwake. Hii ndiyo chujio halisi ya CG na ndiyo inayosahaulika. Nimekuta tope gumu linalokwanguliwa kwa kijiti. Kuna kazi ya gasketi hapo, lakini bila kuisafisha oili mpya haina maana. Weka 10W-40 au 20W-50 ya pikipiki yenye alama ya JASO MA, kwani klachi inaogelea ndani ya oili hiyohiyo na oili ya magari ya kupunguza msuguano huifanya iteleze. Inaingia takriban lita moja. Dipstiki pima bila kuifunga nyuzi. Oili sili za Kichina ni nzuri, mradi usome vipimo vilivyoandikwa usoni mwake na upake grisi mdomoni kabla ya kuzisukuma.

Kabla ya kuwasha, toa plagi na upige kiki hadi uone oili inafika kwenye roka. Usiipuuze hatua hii. Kisha tumia nusu lita ya petroli mpya kwenye chupa iliyoning'inizwa, choki ikiwa imewekwa, mkono wa mafuta usiguswe. Ikishawaka, rudisha choki polepole na uiache ipate moto bila kuivuta. Ikipoa kabisa, kaza tena nati za hedi kwa msalaba na upime valvu upya, maana gasketi mpya hukaa na nafasi hubadilika. Oili ya kwanza imwage baada ya kilomita 100 hivi.

Shuu za breki zilizokaa miaka huachana na gundi yake: kitambaa kinabanduka kutoka kwenye alumini na kuifunga gurudumu ghafla. Badilisha hata kama ni nene. Vumbi la za zamani lioshe kwa maji, usilipulize, linaweza kuwa na asbesto. Shuu mpya za Kichina zinashika vizuri baada ya kusugua kingo zake kwa tupa. Waya ya klachi inatosha; ya mafuta ilinganishe urefu na ya zamani kabla ya kulipa, kisha ukishaifunga geuza usukani kulia na kushoto injini ikiwa inaunguruma. Mlio ukipanda, waya ni fupi, na pikipiki hiyo isitoke nje ya geti.