Patasi 12 za boksi au 3 za mhunzi: uzoefu wangu wa kuanza kuchonga mbao

Kama mfukoni una shilingi 60,000 na unataka kuanza kuchonga, nusu iende kwenye vifaa vya kukatia na nusu kwenye vya kunolea. Anayeanza huwaza patasi, hawazi jiwe, kwa hiyo najua ushauri huu hauvutii. Lakini nimetumia vifaa vya aina tatu hapa Dar es Salaam, vya bei mbalimbali, na tofauti kati ya vile ninavyovishika kila siku na vile vilivyonichosha ni makali tu: yanapatikana vipi, na yanadumu muda gani.

Nianze na boksi la patasi 12. Hili utalikuta karibu kila duka la vifaa Kariakoo, mipini imepakwa vanishi, kila patasi imelala kwenye kitanda chake cha plastiki. Mimi nililipata kwa 38,000 baada ya kupatana. Kampuni siitaji, na hata ningeitaja isingekusaidia, maana boksi hilohilo linauzwa kwa majina tofauti. Ndani kuna bapa, za mshazari, za mviringo na moja yenye ncha ya V. Zinakuja butu. Kwa hilo sina neno, patasi nyingi huuzwa hivyo na mwenye nayo ndiye anayenoa.

Kasheshe ilianza baada ya kunoa. Niliichukua bobari ya milimita 10, ile patasi ya mviringo, nikainoa hadi ikanyoa vinyweleo vya mkono. Nikaitia kwenye kipande cha mwembe, mbao ambayo wala si ngumu. Ikaenda vizuri, ikatoa nyuzi ndefu zilizojikunja, halafu ghafla nikaona mistari miwili myembamba, myeupe, imejichora ndani ya mfereji. Mistari ya namna hiyo inakwambia ncha imemeguka au imelala mahali fulani. Nikaigeuza dirishani: ukingo ulikuwa unameta sehemu mbili. Ukingo mkali haumeti hata uugeuze vipi, kwa sababu hauna upana wa kurudisha mwanga. Nikainoa tena, ikarudia yaleyale. Chuma chenyewe ni laini, hakuna kunoa kutakakokibadilisha.

Ukitaka kujua mapema, beba tupa ndogo unapokwenda dukani. Omba ruhusa kwanza, kisha iburute polepole pembeni mwa patasi karibu na ncha. Ikiteleza kama iko juu ya kioo, chuma ni kigumu. Ikiuma na kuacha unga, rudisha patasi mahali pake na usimwonee haya muuzaji. Kwenye boksi langu, nyingi ziliumwa.

Haki yake nayo niipe. Boksi lile lilinionyesha maumbo ninayoyahitaji. Kati ya patasi 12 nilijikuta nashika tatu tu: bapa ya milimita 12, bobari pana yenye mviringo mdogo, na bobari nyembamba yenye kina. Nyingine zilibaki zimelala kitandani. Ndiyo maana nilipokwenda kwa mhunzi nilikuwa najua cha kuagiza.

Ukipita kwa wachongaji wa Mwenge, usitazame vinyago peke yake, tazama na vilivyoko chini miguuni mwao. Vingi ni vyuma vilivyofuliwa kutokana na springi za magari na tupa kuukuu, vikatiwa mipini ya mti. Mimi nilimpata mzee mmoja upande wa Gerezani. Nikamwamkia, nikamwonyesha michoro yangu mitatu kwenye karatasi. Hata hakuitazama.

“Unachonga mti gani, kijana?”

“Mwembe na mwarobaini, mzee. Baadaye labda mninga.”

“Basi usiniambie nikutengenezee ya mpingo.”

Swali hilo dukani hukulisikia, na ndilo la kwanza kuulizwa. Mbao laini inataka ncha nyembamba, pembe ya nyuzi kama 20 hivi. Mbao ngumu kama mpingo itaimegua ncha hiyo, inataka nene zaidi, karibu nyuzi 30. Patasi moja haiwezi kuwa bora kwa zote mbili.

Alikata vipande kutoka kwenye jani la springi, akavitia kwenye makaa mpaka vikawa vyekundu, akavifua, kisha akavizamisha kwenye oili. Hapo nikadhani kazi imekwisha. Kumbe chuma kikitoka kwenye oili kinakuwa kigumu kupita kiasi, kinavunjika kirahisi. Akakisugua kiasi mpaka kikawa cheupe, akakirudisha karibu na moto, mbali na makaa, huku anatazama rangi inavyotambaa juu yake. Ilipofika manjano iliyokolea akakitoa. Fundi anayeruka hatua hii ya pili atakupa patasi inayomeguka vipande, kwa hiyo unapoagiza simama uangalie.

Alinitoza 10,000 kwa kila moja bila mpini. Mipini nilichonga mwenyewe kwa mti wa mpera, mgumu na haupasuki ovyo. Kasoro zipo. Sura zake si laini, upande wa ndani wa bobari ulikuwa na mikwaruzo ya nyundo na tupa, na kama ndani hakujalainika ncha haiwezi kuwa kali kwa sababu makali ni pale nyuso mbili zinapokutana. Kazi ya kulainisha ni yako, na inachosha vidole. Pia usishawishike kuharakisha kwa grainda. Ukingo ukigeuka bluu, ule ugumu alioutafuta mzee kwa moto umeondoka. Lakini zikishakaa sawa, patasi hizi zinakata mwembe asubuhi nzima kwa kupitishwa kwenye ngozi ya kunolea tu.

Kifaa cha tatu ni kisu cha Morakniv, namba 120, alichoniletea shemeji kutoka Sweden. Ubapa wake ni mfupi, kama sentimita 6, na chuma chake ni cha tabaka: kigumu katikati, laini pande mbili. Hapa nyumbani ndicho kinachoshikwa kuliko vyote. Kwa mwiko, upawa, kijiko, kinatosha karibu mpaka mwisho. Kinachobaki ni kuchimba shimo la kijiko, kazi ya bobari. Hakina kikinga vidole, kimekusudiwa hivyo ili mkono usogee popote, basi mwenye watoto akiweke juu. Na kama ilivyo kwa vyuma vya kaboni vyote, hewa yetu ya pwani inakitia kutu, kwa hiyo napaka tone la mafuta kila ninapomaliza. Ukiwa na ndugu anayekuja kutoka Ulaya, mwambie akubebee hiki badala ya fulana. Kwenye begi la mkononi asikitie, uwanja wa ndege hawatamwelewa.

Sasa kunoa, ambako ndiko pesa yako iende. Mimi natumia msasa wa maji namba 400, 1000 na 2000, nimeulaza juu ya kipande cha kioo nene nilichopewa bure na fundi madirisha. Namba 400 ni ya kurekebisha umbo, ukishalipata unaisahau. Bobari unaizungusha kwa kifundo cha mkono unapoisogeza ili mviringo wote uguse. Ndani yake unasugua kwa msasa uliozungushiwa kijiti. Endelea mpaka uhisi kwa kidole kijikunjo kidogo cha chuma upande wa pili, ndipo uhamie namba inayofuata. Mwisho ni ngozi: mkanda wa suruali wa zamani, ngozi halisi, umegundishwa kwenye kibao na kupakwa dawa ya kijani ya kung'arishia chuma. Juu ya ngozi unavuta kurudi nyuma tu. Ukisukuma mbele, utakata ngozi.

Makali usiyapimie karatasi. Chukua kipande cha mbao laini, kata kukatisha nyuzi kwenye kichwa cha ubao. Kama sehemu iliyokatwa inang'aa na vitundu vinaonekana wazi, endelea na kazi. Kama imekuwa nyeupe na ya manyoya, rudi kwenye ngozi.

Mbao za kuanzia: mwembe, jakaranda, mwarobaini ukiupata. Wachongaji wengi wa Kenya walihamia jakaranda na mwarobaini baada ya muhugu na mpingo kuadimika, na kazi zao zinauzwa vizuri tu. Mbao ya paina ni rahisi kupata lakini inasumbua kuliko watu wanavyodhani: ina pete laini na pete ngumu zinazopishana, patasi butu inaziponda zile laini na kuruka kwenye ngumu. Ile paina yenye rangi ya kijani iliyotiwa dawa ya mchwa usiichonge kabisa, vumbi lake ni sumu. Mpingo uache kwanza. Ni mzito hata ukiutupa majini unazama, ni ghali, na utakumalizia makali kabla hujajifunza kusoma mkondo wa nyuzi. Hata wa dukani, si kila kinyago cheusi ni mpingo, vingine ni mti wowote uliokula kiwi ya viatu. Kwanguakwangua chini ya kitako uone. Na siku utakapofika kwenye mpingo au mninga vaa barakoa, vumbi lake huwasha ngozi na kubana kifua kwa baadhi ya watu.

Kitu kingine cha kununua kabla ya patasi ya nne ni klempu mbili. Kipande kikifungwa mezani, mikono yote miwili inakuwa nyuma ya ncha, mmoja unasukuma, mwingine unazuia. Kipande kilichoshikwa kiganjani kikiteleza, patasi inaishia kwenye kiganja.

Mwiko ukishamalizika, upake mafuta ya nazi, uache usiku mzima, ufute, urudie. Vanishi itabanduka kwenye ugali wa moto. Na kiwi, tafadhali, ibaki kwenye viatu.