Programu ya kuhesabu mikazo: naisifu kwa uchungu wa mimba iliyotimia, si kabla ya wiki 37

Programu hii ya simu ina kitufe kimoja kikubwa katikati ya kioo. Tumbo likianza kukaza unabonyeza, likilegea unabonyeza tena, nayo inakuandikia mkazo umechukua sekunde ngapi na zimepita dakika ngapi tangu ule wa kabla yake uanze. Kwa kazi hiyo naisifu bila kusita. Inahesabu kutoka mwanzo wa mkazo hadi mwanzo wa unaofuata, ndivyo wakunga wanavyotaka, ilhali wengi wetu tukiachiwa saa ya ukutani huanza kuhesabu pale mkazo unapoisha. Haihitaji intaneti. Nilipochoka, mume wangu aliishika na kubonyeza hata bila miwani yake.

Shida ni kwamba niliihitaji nikiwa wiki ya 31. Tumbo lilikuwa gumu, kiuno kinavuta, mikazo inakuja kila baada ya dakika nane au tisa. Nilikunywa maji, nikaenda haja ndogo, nikalalia ubavu. Mikazo ya maandalizi, ile iliyopewa jina la daktari Mwingereza John Braxton Hicks aliyeieleza mwaka 1872, mara nyingi hutulia kwa hayo. Huja ovyo ovyo na haiongezeki nguvu. Yangu haikutulia, na programu ikawa inaniambia kila mara: "Bado mapema, pumzika nyumbani."

Ujumbe huo umetokana na kanuni ya mimba iliyotimia: mikazo kila dakika 5, kila mmoja wa dakika 1, kwa muda wa saa 1. Kabla ya wiki 37 kanuni hiyo isikuongoze, mama kijacho mwenzangu. Mikazo 6 au zaidi ndani ya saa 1, hata isiyouma, inatosha kumpigia mkunga au kwenda hospitali. Ukivuja maji, ukiona damu, ukihisi mtoto anakandamiza chini kwenye nyonga, au akipunguza kucheza, usikae kuhesabu.

Nilimpigia mkunga, nikamsomea orodha kutoka kwenye simu, akasema njoo sasa hivi. Walipima mkojo, maana maambukizi ya njia ya mkojo huweza kuchochea mikazo, wakapima urefu wa mlango wa kizazi kwa ultrasaundi, nikapewa nifedipini ya kutuliza mikazo pamoja na sindano za kukomaza mapafu ya mtoto. Daktari alinifafanulia kwamba dawa ya kutuliza haitarajiwi kuushikilia uchungu mpaka mimba itimie. Kazi yake ni kuuchelewesha kama saa 48, ili sindano zile zipate muda wa kumfikia mtoto na, ikibidi, mama ahamishiwe penye huduma ya watoto njiti. Saa hizo ndizo mama anazozipoteza akitii "pumzika nyumbani", na hilo ndilo linaloniuma katika programu nzuri namna hii.

Nimeipa nyota tatu kati ya tano. Nimewaandikia watengenezaji wake waulize umri wa mimba kabla ya mkazo wa kwanza kurekodiwa, na ukiwa chini ya wiki 37 ujumbe ule usitokee kabisa. Mahali pake pakae namba ya mkunga ambayo mama mwenyewe ameiingiza. Kwa sasa itumieni kama daftari, uamuzi muuachie mkunga.