Karakana ya kukata na kuranda mbao karibu na Majengo, Dodoma: tathmini ya mteja aliyetengeneza rafu yake ya kwanza

Tangu mwezi wa sita nimekwenda mara tano katika karakana moja ya mbao iliyo umbali wa kutembea kwa miguu kutoka soko la Majengo, jijini Dodoma, na kwa kuwa baadhi ya nitakayoyasema hayatawapendeza wenyewe, sitaitaja kwa jina. Utaratibu wake ni ule unaofahamika na wengi: mbele kuna mbao zilizoegemezwa ukutani zikisubiri wanunuzi, nyuma chini ya banda la mabati kuna msumeno wa duara na mashine ya kuranda, na mteja anayekuja na karatasi ya vipimo hukatiwa na kurandiwa mbao zake papo hapo, akaondoka na vipande vilivyo tayari kuunganishwa. Kuunganisha, kupiga msasa na kupaka vanishi ni kazi yako mwenyewe nyumbani, na huduma ya namna hiyo ndiyo niliyokuwa ninaitafuta.

Nilikuwa nimehamia Nkuhungu, katika nyumba ya kupanga isiyo na hata kabati moja la ukutani, na nafasi pekee ya kuweka rafu ilikuwa kati ya mlango na kona ya sebule, yenye upana wa futi tatu na inchi mbili. Rafu zilizokwisha kutengenezwa nilizoziona zikiuzwa kando ya barabara zilikuwa ama pana mno au nyembamba kiasi cha kuacha pengo la kukusanyia vumbi, na vumbi la Dodoma halihitaji kualikwa. Nilikusudia kutengeneza vitu viwili: rafu ya ngazi tano ya vitabu na vyombo, na sanduku refu la kukalia lenye kifuniko cha bawaba, la kuhifadhia mablanketi na nguo za msimu wa baridi. Sikuwahi kushika drili kabla ya hapo.

Nianze na kile ambacho karakana hii hukifanya vizuri sana. Kabla ya kwenda huko nilijaribu kukata ubao mmoja wa mbili kwa mbili, yaani inchi mbili kila upande, kwa msumeno wa mkono, nikatoka jasho, na mwisho wake ukawa umelala upande kiasi kwamba ulipowekwa wima sakafuni ulisimama kama mtu mwenye mguu mmoja mfupi. Pale karakanani vipande kumi na vinne vilikatwa kwa muda usiozidi nusu saa, na nilipovisimamisha pamoja juu ya meza vyote vya kipimo kimoja vililingana vichwa. Kwa anayeanza, hilo ndilo jambo kubwa kuliko yote, kwa sababu kasoro ndogo ya kukata hairekebishiki kwa gundi wala kwa skurubu, bali huhama kutoka kiungo hadi kiungo mpaka rafu nzima inayumba. Nililipa shilingi 500 kwa kila mkato na 2,000 kwa kuranda kila ubao wa futi kumi na mbili, na fedha hiyo sikuijutia.

Hata hivyo, hakuna aliyeniambia mambo mawili ambayo mgeni wa kazi hii hawezi kuyajua. La kwanza ni kwamba msumeno nao hula: kila unapopita huondoa milimita tatu hivi za mbao na kuzigeuza vumbi, kwa hiyo ubao wa futi kumi na mbili hautoi vipande vinne kamili vya futi tatu, na ubao wangu wa mwisho ulitoka mfupi kwa karibu sentimita moja. La pili ni kwamba ubao unaouzwa kama moja kwa nane huitwa hivyo kabla ya kurandwa. Ukishapita mashineni unene wake hukaribia robo tatu ya inchi na upana hushuka hadi inchi saba na nusu hivi. Mchoro wangu, nilioupigia hesabu usiku mzima kwa inchi nane kamili, ulikuwa na makosa kabla sijafika getini. Aidha, mashine yao huung'ata ubao kwenye inchi mbili za mwanzo na za mwisho, ikiacha kibonde unachokihisi kwa kidole kabla hujakiona kwa macho. Dawa yake ni kuomba ubao urandwe ukiwa mzima, kisha ncha zilizong'atwa zikatwe na kuachwa.

Sasa nije kwenye kasoro iliyonigharimu. Mbao walizoniuzia zilikuwa mbichi.

Sehemu kubwa ya mbao za paini katika maduka ya hapa hutoka Mufindi, mkoani Iringa, kwenye shamba la miti la Sao Hill na mashamba ya watu binafsi yanayolizunguka, ambako kuna baridi, ukungu na mvua nyingi. Lori likitoka Mafinga hupita Iringa, hushuka Mtera, na siku hiyo hiyo mbao zile huweza kuwa zimefika katika mji wenye msimu mmoja tu wa mvua, tangu Desemba hadi Aprili hivi, na ambao kati ya Juni na Oktoba una hewa kavu na upepo usiopumzika. Mbao iliyopasuliwa karibuni ikiingia katika hewa ya namna hiyo hutoa maji yake kwa haraka, na inapoyatoa hunywea. Haipungui kwa urefu kiasi cha kuonekana. Inapungua kwa upana. Na kwa kuwa duara za ukuaji wa mti hutaka kujinyoosha kadiri zinavyokauka, kingo za ubao hunyanyuka kuelekea upande uliokuwa karibu na gome, ubao ukajikunja kama kigae.

Nilipouliza kama mbao zimekauka, kijana wa mbele alinijibu, “Dada, hizi zina wiki nzima hapa, zimeshakauka.” Nilimwamini kwa sababu sikujua kwamba wiki moja si kitu kwa ubao wenye unene wa inchi moja, hasa ukiwa umebanwa katikati ya wenzake bila nafasi ya kupitisha hewa. Matokeo yake yalionekana zaidi kwenye kifuniko cha sanduku. Nilikuwa nimegandisha mbao mbili ubavu kwa ubavu, nikazikaza kwa chini na vipande viwili vya mbili kwa mbili vilivyopita kwa upande, kwa gundi na skurubu nne kila kimoja, nikiamini kwamba kadiri ninavyokaza ndivyo kitakavyodumu. Mwishoni mwa Agosti gundi iliachia katikati, pakabaki mwanya ambao sarafu ya shilingi 200 inapita bila kugusa pande zote mbili, na ubao wa kushoto ulipasuka kufuata mstari wa skurubu kwa urefu wa kiganja. Mbao zilitaka kusinyaa nami nilikuwa nimezifunga mikono. Ilinipasa kufungua kifuniko chote, kuranda kingo upya kwa randa ya mkono niliyoazima kwa jirani, na safari hii kutoboa matundu marefu kwenye vile vipande vya chini, kuelekea upana wa ubao, ili skurubu iweze kusogea mbao inaposogea, bila gundi yoyote hapo.

Rafu, kwa upande wake, ilipona, na ilipona kwa bahati. Ngazi zake zimekaa kwa urefu kati ya kuta mbili za pembeni, na kwa kuwa urefu haukupungua, zile futi tatu na ushee bado zinabana vilevile. Zilichopoteza ni karibu robo inchi ya upana kwa nyuma, ambayo hakuna mgeni aliyewahi kuiona.

Tangu hapo nimejifunza kutosikiliza neno la muuzaji kuhusu ukavu. Ninaomba kipande kilichobaki kwenye ubao ule ule, ninakipeleka kwa Mangi wa mtaani kwangu, na ninamwomba akiweke kwenye mizani yake ya kupimia sukari. Kipande cha ununuzi wangu wa pili kilikuwa na gramu 640 siku ya kwanza, 598 baada ya wiki moja na 571 baada ya wiki mbili. Katika wiki ya nne kilisimama kwenye 560 na hakikushuka tena, nami nikajua kwamba mbao zenyewe, zilizokuwa zimelazwa chumbani kwa kutenganishwa na vijiti ili hewa ipite kila upande, nazo zilikuwa zimetulia. Mangi alianza kwa kucheka, ila kufikia wiki ya tatu alikuwa akiuliza mwenyewe kama mgonjwa anaendeleaje. Njia nyepesi zaidi, ukiwa dukani, ni kunyanyua mbao mbili za kipimo kimoja na kuchagua iliyo nyepesi, kuangalia kama kwenye kichwa cha ubao kuna alama ya kiini cha mti na kuikataa ikiwepo, kisha kuiweka jichoni kama mtu anayelenga shabaha ili kuona kama imepinda.

Kwa hiyo ushauri wangu kwa atakayeitumia huduma hii ni kuigawa safari katika mbili. Nunua mbao zikiwa nzima, zipumzishe nyumbani kwa mwezi mmoja wakati wa kiangazi, kisha zirudishe zikatwe na kurandwa. Gharama ya bajaji inaongezeka, nakubali, lakini ni ndogo kuliko gharama ya kununua mbao za kifuniko mara mbili.

Jambo jingine ambalo wahusika wanapaswa kulisema wazi ni aina ya dawa. Baadhi ya mbao zao zina rangi ya kijani kibichi kwa sababu zimetiwa dawa ya kuzuia mchwa, na mchwa wa Dodoma ni sababu tosha ya kuitaka dawa hiyo kwenye kenchi za paa. Dawa inayozipa mbao rangi hiyo kwa kawaida ina shaba, na aina moja iliyozoeleka ina pia kromiamu na aseniki, kwa hiyo mbao hizo hazifai kwa rafu ya vyombo, vumbi lake lisivutwe puani bila barakoa, na vipande vyake visitiwe jikoni kuwa kuni. Niliwakuta akina mama wawili wakiokota mabaki nyuma ya banda, ya kijani na ya kawaida yakiwa yamechanganywa katika gunia moja, na hakuna fundi aliyewaambia neno. Kwa rafu iliyo ndani ya nyumba yenye sakafu ya vigae, mbao isiyo na dawa inatosha, mradi isigusane na ukuta wenye unyevu na uwe unaisogeza mara kwa mara kukagua nyuma yake.

Kuhusu maelezo kwa mteja, yote yanategemea umemkuta nani. Kijana wa mbele anauza tu. Mzee anayesimamia mashine, ambaye ni vyema kumwamkia na kumsubiri amalize kazi aliyo nayo, ni mwalimu ambaye hajitangazi. Yeye ndiye aliyenionyesha kwamba ili kujua kama fremu imekaa mraba hupimi kona, bali unapima kutoka kona hadi kona kwa mshazari, pande zote mbili, na vipimo vikilingana basi iko sawa. Ni yeye pia aliyenikataza kukaza skurubu kwenye paini bila kutoboa kwanza kwa kichwa cha drili chembamba kuliko skurubu yenyewe, hasa karibu na ncha ya ubao. Nilipomwambia kwamba sina vibanio vya kushikilia mbao wakati gundi inakauka, alikata tyubu kuukuu ya baiskeli kuwa mikanda, akaizungusha kwenye fremu, akapitisha kijiti na kukisokota mpaka gundi ikachuruzika kwenye maungio. Nimeitumia mikanda hiyo hadi leo, nikiiacha usiku kucha ingawa gundi nyeupe ya mbao hushika mapema kwa joto la hapa.

Umeme unapokatika kazi husimama, kwa kuwa hawana jenereta, na mara moja nilipoteza asubuhi nzima ya Jumamosi nikikaa juu ya rundo la mbao. Wapigie simu kabla ya kutoka nyumbani. Risiti hutoa wakiombwa.

Je, ni heri kununua bodi ya MDF, ile ya nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, badala ya paini? Bodi hiyo haijikunji na hukatwa kwa usafi, ila ikipata maji ya deki huvimba na hairudi, na skurubu ikifunguliwa na kufungwa mara mbili tatu hulegea. Kwa mpangaji anayehama kila baada ya mwaka mmoja au miwili, kasoro hiyo ya pili ni kubwa. Mninga ni mzuri kuliko zote mbili, lakini bei yake na ugumu wake si vya mtu anayejifunza kwa kuharibu.

Mara ya tano nilikwenda na mbao nilizozikausha mwenyewe, kwa ajili ya stuli mbili na droo ya chini ya kitanda. Mzee alinyanyua ubao mmoja, akaugonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza, kisha akamwita yule kijana wa mbele aje ausikilize na yeye. Mikato ishirini na miwili, kuranda mbao tatu, jumla shilingi 17,000, na hakuna kipande kilichotoka kifupi.