Kipimajoto cha nyaya mbili: miezi mitatu ndani ya ngalawa

Nilikinunua Darajani, Unguja, mwezi wa pili, shilingi 45,000. Ni kisanduku cha plastiki kinachoenea kiganjani, chenye nyaya mbili: mmoja mfupi, mwingine wa mita tatu. Muuzaji alikileta kwa ajili ya wafugaji wa samaki. Mimi nikakitia ngalawani.

Waya mfupi naufunga kwenye boya uelee, mrefu naufunga chubwi uzame. Naandika alfajiri, naandika tena saa nane mchana. Alfajiri nyaya zote mbili husema neno moja: 29.2. Siku ya upepo, hata mchana hazipishani nusu nyuzi. Lakini maleleji yalipoingia, kaskazi imekufa na kusi haijafika, bahari ikalala kabisa. Juu 31.3, chini 29.7. Nilidhani kimeharibika! Nikatia nyaya zote katika ndoo moja, zikasoma sawasawa.

Wenzangu, hili nilikuwa nalihisi mkononi miaka yote sina namba yake. Jua hupasha maji ya juu, na pasipo upepo hakuna wa kuyakoroga. Usiku hupoa, huwa mazito, huzama. Asubuhi hukuti kitu. Anayepima asubuhi tu atakosa habari yote.

Na habari yenyewe ni kubwa. Katika Bahari ya Hindi hupita mzunguko wa mawingu na mvua, ukielekea mashariki, kila siku 30 hadi 60. Wanasayansi wa hali ya hewa Roland Madden na Paul Julian ndio waliouandika mwaka 1971. Kabla mawingu yake hayajafika, mara nyingi huja siku za anga jeupe na upepo mdogo. Hapo joto la mchana hupanda zaidi, bahari hupumua mvuke mwingi, na hewa hujaa unyevu unaosubiri mvua. Mwaka 2011 watafiti walikwenda hadi Maldivi kuyapima haya. Kipimajoto changu hakitabiri mvua, utabiri nausikiliza redioni, ila sasa nausikiliza nikiwa na daftari langu mkononi.

Kasoro ni kifuniko cha betri. Wiki ya tatu maji ya chumvi yaliingia, namba zikapotea siku mbili. Nilikikausha, nikakizungushia mpira wa tyubu ya baiskeli, na hadi leo kinafanya kazi. Waya nao ni mfupi, nautaka ufike pima tano. Nimemwagiza muuzaji, akileta, nanunua cha pili.