T'Challa wa sentimita 30: uzoefu wangu na sanamu ya Black Panther hapa Kampala

Mimi huanza na uso, na hukaa hapo muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Sanduku linaweza kuvutia, vifaa vikajaa tele, viungo vikapinda kila upande, lakini uso ukikosewa utakuwa umenunua mtu mwingine aliyevalishwa nguo za T'Challa.

Sanamu ninayoieleza ni ya T'Challa, mfalme wa Wakanda ambaye ndiye shujaa Black Panther wa filamu ya mwaka 2018, kipimo cha moja kwa sita, yaani karibu sentimita 30 kutoka kisigino hadi utosini. Ina vichwa viwili, kimoja cha barakoa na kimoja chenye sura ya Chadwick Boseman, mwigizaji wake. Ina jozi kadhaa za viganja vya kubadilisha, baadhi vikiwa na kucha zilizochomoza, na kisimamio chenye mkono wa waya. Jina la kampuni naliacha makusudi, kwa kuwa ninayoyasema yatamfaa mtu hata akinunua kwa kampuni nyingine. Ninayo tangu mwaka jana, nimeivua na kuivalisha, nimeisimamisha kwa mitindo mingi, kwa hiyo siongei kwa kuona picha.

Niseme kuhusu ngozi, maana ndiyo iliyonifanya niandike. Sanamu nyingi za wahusika Weusi hutoka kiwandani zikiwa na rangi moja bapa ya kahawia, kuanzia paji la uso hadi shingoni, masikio nayo hivyo hivyo, midomo imepigwa rangi ya waridi kana kwamba mtu kapakwa. Nyingine huchapishwa uso kwa mashine, na ukisogeza jicho unaona nukta ndogondogo za wino. Kwenye ngozi nyeupe nukta hizo hujificha. Kwenye ngozi yetu huleta ukijivu, na uso unaonekana umepauka kama wa mtoto aliyetoka kuoga asipakwe mafuta. Nimeona sanamu za bei kubwa zenye kasoro hiyo, na zinaniuma, kwa sababu kwenye sanduku hilo hilo utakuta mkufu uliochongwa kwa uangalifu wa ajabu. Fundi aliupa mkufu muda ambao hakuupa uso.

Jambo hili ni la zamani. Hasbro ya Marekani ndiyo iliyotoa G.I. Joe mwaka 1964, askari wa karibu sentimita 30, na kipimo hiki cha moja kwa sita tunachokipenda kinatokana na wanasesere wa aina hiyo. Mwaka uliofuata wakaongeza askari Mweusi. Uso ulikuwa ule ule wa askari Mzungu, kalibu ile ile, rangi tu ikabadilishwa. Miaka zaidi ya hamsini imepita na bado ninapofungua sanduku huwa natafuta kama uso umechongwa kwa ajili ya mtu huyu au umepakwa tu.

Huyu wangu amechongwa. Nilizima taa ya chumbani, nikawasha tochi ya simu, nikaishika ubavuni mwa kichwa nikaizungusha polepole. Mwanga wa pembeni hausemi uongo: mifupa ya mashavu ikatoa vivuli mahali pake, na chini ya macho kukawa na ule uzito kidogo ambao Boseman alikuwa nao. Rangi imepakwa kwa tabaka. Paji la uso lina wekundu wa mbali, pembeni mwa pua kumekoza, na ndani ya sikio ni nyeusi zaidi kuliko shavu. Midomo inaanza kwa kahawia ya nje na kulainika kuelekea ndani, hakuna mstari. Ndevu hazikupigwa kama wino wa mhuri, zinapungua zenyewe zikikaribia shavu. Macho yamepakwa kitu cha kung'aa, na yote mawili yanaangalia mahali pamoja. Usilichukulie kuwa dogo hilo la macho. Mboni ikisogea kidogo tu, nusu milimita, mfalme anakuwa na makengeza.

Boseman alifariki tarehe 28 Agosti 2020 akiwa na miaka 43. Kwa wengi wetu sura hii ni kumbukumbu ya mtu, na nadhani ndiyo maana nina ukali nayo kuliko ningekuwa na ukali na roboti.

Vazi nililipeleka kwa mtu anayejua. Shangazi yangu anashona nguo Nakawa, miaka yote hiyo ameishi na kitenge mkononi, na hajawahi kuiona filamu yenyewe. Nilimwekea sanamu juu ya cherehani nikamwomba aitazame kama nguo ya mteja. Akavaa miwani. Vazi la Panther limejaa pembetatu ndogondogo, mchoro wa Ruth E. Carter, yule mbunifu aliyechukua Oscar mwaka 2019 na kuwa mwanamke Mweusi wa kwanza kushinda kwa ubunifu wa mavazi. Shangazi alikwenda moja kwa moja kwenye mishono ya ubavuni kuona kama pembetatu za mbele zinakutana na za nyuma. Zinakutana. Akageuza pindo la shingo, akavuta kitambaa kidogo kupima mnyumbuliko, akahesabu kwa ukucha jinsi uzi ulivyopita karibu karibu.

“Aliyeshona hiki ana subira, mwanangu,” akaniambia. “Ila hapa kwapani alichoka.”

Na kweli. Chini ya kwapa la kulia mshono umekunjika, kitambaa kimekusanyika, na mkono ukiinuliwa juu unaona uzi umekaza. Mimi nilikuwa nimelikagua vazi hilo mara nyingi bila kuliona. Tangu siku hiyo, mtu akiniuliza kuhusu sanamu yenye nguo za kitambaa, namwambia ampelekee fundi cherehani kabla hajasikiliza maoni ya mashabiki. Shangazi pia ndiye aliyetabiri kwamba mistari ya fedha iliyochapishwa juu ya kitambaa itapasuka kwenye viwiko, kwa kuwa wino haunyumbuki sawa na nguo. Baada ya miezi kadhaa imeanza, kidogo, upande wa kushoto. Sasa siiachi imekunja mikono. Inasimama wima, na nikitaka mtindo wa kupigana naipiga picha kisha nairudisha.

Viungo vyenyewe ni vizuri. Mwili wa ndani una plastiki ngumu, nyonga zinakaza, vifundo vya miguu vinashika kiasi kwamba inasimama bila kisimamio kwenye meza iliyonyooka. Kisimamio nimekiacha ndani ya sanduku, kwa sababu waya wake unasugua vazi katikati ya mapaja. Kinachozuia mwendo ni nguo, wala si mifupa: goti linaweza kupinda zaidi ya pale kitambaa kinaporuhusu, na ukilazimisha utalipa kwa mshono.

Sehemu dhaifu kabisa ni vijiti vya kuungia viganja. Ni vyembamba kama kijiti cha kiberiti, na kiganja kinabana. Kimoja kilikatika nilipokuwa nabadilisha mkono wa kushoto, ingawa nilikuwa nimekwisha kupasha kiganja kwa maji ya moto kwanza ili plastiki ilainike. Ndani ya sanduku mlikuwa na vijiti viwili vya akiba, jambo linaloonyesha kwamba waliotengeneza wanajua kabisa udhaifu huo. Kwa bei hii nilitegemea wangekifanya kinene badala ya kunipa cha akiba. Kichwa cha barakoa nacho hakikai sawa na kola, kuna uwazi mdogo nyuma ya shingo unaoonekana ukiitazama kwa upande. Kichwa cha Boseman hakina tatizo hilo, na ndicho ninachokiacha juu muda wote.

Kuna mambo ambayo anayeishi Kampala inabidi ayafikirie na ambayo mnunuzi wa nchi kavu na baridi hayamsumbui sana. Ziwa liko karibu, mvua za Machi hadi Mei na zile za Septemba hadi Novemba zinaacha unyevu ndani ya nyumba. Unyevu ni adui wa ngozi ya bandia, ile inayopakwa plastiki juu ya kitambaa. Huanza kuvimba, kisha kubanduka vipande vipande, hata kama sanamu haijawahi kuguswa. Kwa hiyo ukiona mhusika amevaa koti la ngozi ya bandia, ujue muda wake una kikomo, hata awe amechongwa vizuri namna gani. Vazi la huyu ni kitambaa cha kunyumbuka, na hiyo ilikuwa sababu kubwa ya kumchagua yeye. Plastiki laini ya viganja nayo ina vilainishi ndani yake ambavyo hutoka polepole, na joto huviharakisha. Ndiyo ule ulaini wa kunata unaoukuta kwenye wanasesere wa zamani. Nilichongewa kabati la kioo Nsambya, nikaliweka ukuta usiopigwa na jua, na ninalifungua mara kwa mara hewa ipite. Vumbi jekundu la barabara yetu halina mzaha, bila kioo pembetatu zote zingekuwa zimejaa udongo.

Mpwa wangu ana sanamu ya Okoye, yule jemadari wa kike wa filamu hiyo hiyo, iliyonunuliwa mitaa ya Kikuubo kwa elfu thelathini, kipimo kidogo cha sentimita 15. Ni ya kughushi na wanaoiuza hawafichi. Niliziweka pamoja mezani. Okoye hana alama yoyote chini ya nyayo wala mgongoni, ilhali sanamu halali huwa na jina la mwenye haki na mwaka vimechongwa kwenye plastiki yenyewe. Maandishi ya sanduku lake yana ukungu, kama picha iliyopigwa kutoka kwenye picha nyingine. Nilipompangusa kichwani kwa kitambaa chenye maji, mchoro wa upara ukabaki kwenye kitambaa. Mkuki umepinda. Mkuki tuliurekebisha: uchovye kwenye maji ya moto, unyooshe kwa vidole, uutie haraka kwenye maji baridi, unakaa. Harufu ndiyo iliyonisumbua zaidi, kali, ya rangi, na haikuisha hata alipokaa dirishani. Mtoto wa miaka tisa acheze naye, lakini mdogo wake anayetia kila kitu mdomoni tumemzuia.

Hata hivyo niseme kitu kwa haki. Rangi ya ngozi ya huyo Okoye wa elfu thelathini ni bapa, lakini ni kahawia yenye joto, haijapauka. Nimeiona ikiishinda sanamu halali ya mara kumi ya bei yake kwa jambo hilo moja. Basi msiniambie kwamba ngozi nyeusi ni ngumu kuipata kiwandani.

Bei. Yangu ilizidi shilingi laki tisa kabla ya kufika, kisha nauli ya ndege, kisha ushuru wa forodha Entebbe, na juu ya jumla hiyo VAT ya asilimia 18. Anayepanga kununua apige hesabu yote kabla hajatuma pesa, na amwombe muuzaji stakabadhi yenye bei halisi, maana maofisa wakikosa stakabadhi watakadiria wenyewe. Aombe pia picha tatu ambazo wauzaji hawazipigi bila kuombwa: uso ukiwa umemulikwa kutoka ubavuni, kwapa zote mbili, na vijiti vya viganja vikiwa vimechomolewa. Kama mhusika ana mikono wazi, aombe na kiganja kimegeuzwa juu. Viganja vyetu ni vyeupe kuliko mgongo wa mkono, na kampuni iliyokumbuka hilo imemtazama mtu halisi.

Kwa uso na vazi ningeinunua tena kwa bei ile ile. Kwa vijiti na kola nisingelipa shilingi moja zaidi.

Ninayemsubiri sasa ni Ayo wa Dora Milaje, kile kikosi cha wanawake wanaomlinda mfalme. Aliyemwigiza, Florence Kasumba, alizaliwa hapa hapa Kampala mwaka 1976. Akitoka katika kipimo hiki, akiwa na ngozi iliyopakwa kwa tabaka kama ya T'Challa wangu na mkuki usiopinda, nitalipa amana siku hiyo hiyo, na vazi lake litapitia Nakawa kwanza.